Ndoo ya Pili

"Ni uongo!" Alfredi alikipiga kitabu mezani, vikombe vya chai vikaruka. "Katika nchi hii ya shida ya maji, mwanaume aoge ndoo mbili? Nani alimwona?"

Wenzake walicheka, na kicheko chao kikamwongezea hasira.

Kila mwaka, vitabu vinavyowania tuzo ya taifa vikishatangazwa, chama cha wasomaji wa Newala kilikutana katika chumba cha nyuma cha duka la Mama Kurwa. Walivijadili vyote, wakachagua kimoja, na hicho kikasomwa redioni kila jioni, watu wakisikiliza kuanzia Newala mpaka Masasi. Msomaji wa mwaka huu alikuwa Alfredi. Alihamia mjini juzijuzi tu, lakini hakuna aliyekuwa na sauti kama yake.

Mwaka huu wote walikitaka *Maji ya Alfajiri*, riwaya ya mama mmoja wa Lupaso. Na Alfredi alikuwa ameapa kwamba hatakisoma. Nyumbani alikichukia kitabu hicho waziwazi, hata mkewe akawa anakisoma kwa kujificha.

"Baba Julia, hebu tulia," alisema Mama Kurwa, mwenyekiti wao. "Wanawake wanadamka na giza kwenda kisimani. Wanarudi shingo zimepinda. Mwanaume mwenyewe, Chilumba, ndiyo kwanza anaamka. Anaoga ndoo ya kwanza, anaimba. Anaoga ya pili, anaimba tena! Nimecheka mpaka nikalia. Huyo Chilumba tunamjua sote."

"Kila nyumba ina wake," alidakia Mzee Sadallah, fundi cherehani. "Wangu ni marehemu shemeji yangu. Mungu amrehemu, ila yule hata ngozi yake ilikuwa na kiu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Alfredi alisubiri kiishe.

"Na kama ndoo ya pili alikuwa anamwogesha mtoto?"

"Mtoto gani? Kitabuni hamna mtoto."

"Basi hapo ndipo kilipooza! Mwandishi kaiona ndoo, mtoto hakumwona. Mtoto anawaka homa, mtu anampoza kwa maji, anamwimbia anyamaze. Halafu mtu mzima na akili zake anakaa chini, anaandika…" Hakumaliza.

"Sasa unatutungia riwaya nyingine," alisema Mzee Sadallah. "Au ni ile yako ya mwaka jana, iliyorudishwa na wachapishaji hata haijafunguliwa?"

Safari hii hakucheka mtu. Alfredi alihisi masikio yakimchoma.

"Sema tu ni wivu, mwanangu," mzee aliendelea kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kejeli.

"Wivu na dharau," Mama Kurwa akaongeza. "Tangu tukae hapa hujamtaja hata mara moja. 'Huyo mwandishi,' 'huyo mama yenu.' Ana jina lake. Anastasia Namkopi. Hebu tamka, tukusikie."

"Sitamki."

"Kwa nini? Kwa sababu ni mwanamke wa shamba? Kwa sababu hakufika chuo kama wewe?"

"Nimesema sitamki, Mama Kurwa!"

Alijua wanavyomwona. Alijiona yuko mbele ya kipaza sauti, jioni ya kwanza: "Msikilizaji, kitabu hiki kimeandikwa na…" na ulimi unamganda. Kisha aimbe nyimbo za Chilumba kwa kinywa chake mwenyewe, sokoni watu washike mbavu. Hapana. Heri redio wamfukuze.

"Tupige kura," alisema Mama Kurwa.

Mikono ilipanda yote, isipokuwa wake.

"Imepita. Jumatatu unaanza, Baba Julia."

"Mtafute mwingine."

"Hayo utamwambia mwandishi mwenyewe." Mama Kurwa alitabasamu, ila macho yake yalikuwa makali. "Nilitaka iwe zawadi kwenu wote. Nimemwalika. Ameshashuka stendi, bodaboda inamleta."

Alfredi aliinuka ghafla, kiti kikaanguka. Chumba kilikuwa na mlango mmoja tu. Aliukimbilia, lakini pikipiki ilishazimwa nje, na sauti ya mwanamke ikaita, "Hodi, wenyewe!"

Alirudi kinyumenyume hadi kwenye viroba vya sukari, akageukia ukutani, akasimama hapo.

"Oneni jamani!" Sasa Mama Kurwa alikuwa amekasirika kweli. "Mgeni anabisha hodi, yeye anampa kisogo! Mtu na elimu yake! Geuka, Baba Julia. Geuka umwamkie mama wa watu!"

Hakugeuka. Alikaza macho kwenye ukuta, na angeweza angeingia ndani yake.

"Karibu, mama, karibu ndani," alisema Mzee Sadallah kwa aibu. "Na huyu umsamehe bure. Hana adabu."

Alfredi alisikia kandambili ikigusa sakafu ya chumba. Ikasimama. Kisha ikarudi nje upesi, kama iliyokanyaga kaa la moto.

"Adabu anayo," ilisema sauti kutoka uani, nzito kidogo, kama ya mtu aliyejifunika kitenge usoni. "Nimeshasogea pembeni. Mwambieni mkwe wangu apite."