Jiwe la Dokta Sylvère

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Mwanvua aliogesha jiwe.

Alilisugua kwa sabuni na dodoki mpaka likang'aa, akalisuuza, akalirudisha kwenye beseni la maji ya ziwa na kuliweka juani. Mtaa mzima wa Buyenzi ulijua.

"Dada Mwanvua, mtoto kaota jino?" jirani yake Consolate alikuwa akimuuliza kutoka ng'ambo ya ua, kapiga magoti anapuliza moto.

"We cheka tu. Amana haina mzaha."

Amana yenyewe aliiacha Dokta Sylvère wa chuo kikuu, mwaka wa tisini na tano, siku alipokimbia vita. Marehemu mume wa Mwanvua ndiye aliyekuwa akimtengenezea injini ya mtumbwi, basi dokta hakuwa na nyumba nyingine ya kuamini. Alikuja mbio na beseni. Ndani yake jiwe la kijani, lenye ute kama bamia. Akaeleza kwamba baharini kuna matumbawe, miamba inayojengwa na viumbe hai, samaki wakapata makao. Ziwa letu nalo lina miamba yake inayoishi. Vipande vyote alivyokusanya vilikuwa vimevunjwa pamoja na chumba chake cha kazi. Kilibaki hiki.

"Mama, hili likifa, miaka yangu kumi imekufa. Maji ya ziwa na jua, basi."

Mwanvua akaapa, akaingia ndani kumtilia chai. Maelezo mengine dokta aliyamalizia uani na Consolate. Chai ilipotoka, yeye alishaondoka.

Alhamisi iliyofuata Mwanvua aliutazama ule ute, akakunja uso. Dokta ni mwanamume. Mambo ya usafi angeyajulia wapi?

"Kesho ninaliogesha," alimwambia Consolate.

"Apana, dada. Liache na uchafu wake."

"Usafi ni sehemu ya imani. Mutu arudi akute amana yake imeota kuvu, atasema wake wa Buyenzi ni wachafu."

Consolate alirudi kwenye mafiga yake. Alimjua jirani yake: akishataja imani, hata gari la jeshi litarudi nyuma.

Kulipokucha jiwe lilikuwa jeusi. Usiku mmoja tu. Mwanvua alimshukuru Mungu kwa kumwahisha. Maji ya kwanza yalitoka meusi ti, na ya pili, na ya tatu. Ndipo likatakata, na ute usionekane tena.

Miaka ikaenda. Kila wiki alibeba bidoni mpaka ziwani, akateka maji. Kwenye kizuizi askari walimuuliza maji ya nini, akajibu ya jiwe, wakacheka, wakampisha. Siku moja risasi zililia upande wa Kinanira, akalala kifudifudi njiani, bidoni kifuani, kisha akainuka, akakung'uta vumbi, akaendelea.

Nyumbani Consolate alikuwa akimngoja na ndoo.

"Nigawie nusu, dada. Maharage yangu yanapenda maji ya ziwa."

"Maharage gani, nawe unapikia mafiga mawili na kopo la mchanga? Siku moja chungu kitakupindukia."

"Kikipinduka, nitakuja kula kwako."

Mwanvua aliguna, akamgawia. Kila wiki aliguna, kila wiki akamgawia.

Mwaka wa sita dokta alirudi, kichwa kimejaa mvi. Mwanvua akamtolea beseni kama anayeonyesha mjukuu. Dokta akaliinua jiwe. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Mama, ulilifanya nini?"

"Nililiogesha. Kila Ijumaa, kwa sabuni."

Dokta alikaa chini palepale, vumbini.

"Ule ute, mama," alisema taratibu. "Ule ute ndio uliokuwa hai."

Mwanvua aligeukia bidoni mlangoni. Miaka sita ya barabara ile, na amana ya watu kaiua kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya hesabu atasema nini? Akaanza istighfari, akaikosea, akaanza upya.

Consolate aliingia bila hodi, beseni kichwani. Akalitua miguuni pa dokta. Ndani, katika maji ya ziwa, lilikaa jiwe la kijani, lenye ute kama bamia.

Kisha akalichukua lile linalong'aa mikononi mwa dokta, akalipangusa kwa kitenge chake.

"Na mi figa langu nimelikosa sana," alisema, akaenda kubandika maharage.