Koti la Carmine

Kofia ya Bi. Birnbaum ilirudishwa. Viatu vya muuza maua vilirudishwa. Hata mbwa wa ghorofa ya chini alirudishiwa kijikoti chake cha sufu, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Koti la Assunta Ferrigno peke yake ndilo lililobaki limefungiwa katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kampuni ya mvuke, na hakuna aliyetaka kumwambia kwa nini.

"Tulikuwa barabara moja," alimwambia karani. "Tope lilitumwagikia pamoja, huyu Birnbaum amenishika mkono huu hapa. Vipi yeye awe safi, mimi niwe mchafu?"

Karani alimwambia asubiri, mama. Tangu asubuhi wimbo ulikuwa huohuo. Dirisha la kwanza lilimtuma la pili, la pili likamrudisha la kwanza, na kila mmoja alimwita mama kwa upole wa kuudhi.

Bomba la mvuke wa kupashia majumba joto lilikuwa limepasuka wiki iliyopita, chini ya barabara mbele ya kanisa, watu wakitoka misani. Lami ilifunuka kama kifuniko cha sufuria, na tope la moto likarushwa juu kuupita mnara. Kwa bahati hakufa mtu. Zimamoto waliwaingiza watu kwenye mahema, wakawavua nguo na kuzitia kwenye mifuko ya plastiki, kwa kuwa mabomba ya zamani ya Manhattan yamezungushiwa asbesto, madini ya nyuzi ya kuzuia joto, na vumbi lake likishaingia kifuani halitoki.

Siku hiyo Assunta alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe, Carmine, koti zito la turubai lenye bitana ya manyoya ya kondoo. Alilivaa mara moja tu kwa mwaka, siku ya misa ya kumwombea. Siku nyingine lilikaa kabatini, na dobi hakuruhusiwa kuligusa, maana sabuni ingeondoa harufu ya mtu wake. Jioni upweke ulipomzidi alifungua kabati, akatia uso ndani ya bitana na kunusa mpaka roho itulie. Sasa hata hilo wamemnyang'anya.

Foleni nayo haikukosa wajuzi. Muuza maua alisema kampuni ya mvuke imejitakia yenyewe. Mvua ilinyesha kutwa nzima, maji baridi yakajaa shimoni na kulizunguka bomba, mvuke uliokuwa ndani ukapoa ukawa maji. Maji hayo yana mlango wake wa kutokea, lakini mlango ulikuwa umezibwa na gundi, gundi ileile mafundi waliyoimimina kiangazi kuziba ufa mdogo uliokuwa ukivuja. Yakakosa pa kutokea, mvuke ukayasukuma kwa kishindo mpaka bomba likapasuka.

"Wameziba tundu la sindano, wakafungua shimo la kumeza lori," alisema.

Watu walicheka. Assunta hakucheka, ingawa Carmine angecheka kuliko wote. Alifanya kazi huko chini, kwa kampuni hiyohiyo, mpaka kifua kilipomlaza kitandani. Daktari alilaumu sigara. Kampuni ilileta shada la maua, na maua yenyewe yalikuwa yameanza kunyauka.

Kukumbuka hilo kulimpandisha hasira. Aliinuka kwenye benchi, akaenda kupiga kioo cha dirisha kwa pete yake.

"Mume wangu aliyavika mabomba yenu nguo maisha yake yote," alisema. "Leo nyinyi mnamvua yeye koti. Hamna haya?"

Binti yake, Rosemarie, aliyeomba ruhusa kazini ili amsindikize, alimvuta mkono. Alimwambia polepole kwamba koti ni koti tu, kampuni itawanunulia jipya, waende zao nyumbani.

"Jipya litakuwa na baba yako ndani?" aliuliza Assunta.

Assunta alikuwa ameshapata jibu la fumbo lake mwenyewe: koti limependwa. Siku hizi vijana wa mjini hutoa fedha nyingi kununua makoti ya zamani ya wafanyakazi, na huko nyuma kuna kijana amelijaribu mbele ya kioo akajiona amependeza. Alilisema hilo kwa sauti, kila mtu asikie. Bi. Birnbaum, kofia yake ikiwa tayari kichwani, alimuunga mkono.

"Lile koti?" alisema. "Hata mimi ningeliiba."

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mwanamke aliyevaa koti jeupe la maabara alitoka, akajitambulisha kuwa ni Bi. Adair, mpimaji. Hakwenda dirishani. Alikuja mpaka kwenye benchi, akaketi, akamwomba Assunta aje aketi kando yake. Assunta alikataa kukaa. Alimwambia kwamba porojo amezisikia za kutosha, anachotaka ni kuambiwa kwa nini tope la watu wote linaoshwa na lake haliondoki.

"Tope halina neno, mama," alisema Bi. Adair. "Tumelipima la kila mtu, pamoja na la kwako. Lilikuwa tope tupu, halina asbesto. Pale mbele ya kanisa walishabadilisha mabomba zamani."

"Basi nipe koti langu."

"Asbesto imo ndani. Kwenye bitana, mifukoni, kwenye mishono ya makwapa. Haikuingia wiki iliyopita." Alifungua daftari lake. "Mumeo alirudi nayo nyumbani, mama, kila siku aliyotoka kazini. Lazima nikuulize. Ukiacha yeye na wewe, kuna mwingine aliyekuwa akilitumia?"

Assunta alitikisa kichwa upesi, akasema hapana, hakuna, hakuna kabisa.

"Mimi," alisema Rosemarie. "Nikiwa mdogo, Baba akiliacha nyumbani akaenda zamu ya usiku, nami nikamlilia, Mama alikuwa ananifunika nalo nilale."