Dakika Kumi za Kudai Injini

Unageuza uso tena. Mwaka elfu mbili magari ya mbio hapa yalikuwa ishirini na mawili. Yakabaki kumi na tano, ukasema una haraka. Yakabaki kumi, ukasema si shughuli yako. Sasa ni elfu mbili na tatu, yamebaki saba, na mzee Absalom amesimama kwenye uwanja wa udongo nje ya mji wa Katy, saa mkononi, magoti yakimuuma, akimngoja mtu mmoja tu.

Absalom ni mkaguzi wa mbio hizi za vigari vyenye bawa juu ya paa. Sheria aliiandika mwenyewe, ili fedha isimfukuze maskini: dereva yeyote aliyemaliza mbio ana dakika kumi za kudai injini ya mshindi, yaani kuinunua kwa dola elfu tatu. Mshindi akikataa, anafungiwa msimu mzima. Nani basi atafunga injini ya elfu thelathini?

Omer, mwenye malori, alifunga. Mwaka wa tatu huu anashinda, na hakuna aliyemdai. Utamdaije, ikiwa lori unaloendesha Jumatatu ni lake? Na kamati imeshatamka: leo asipodaiwa, mbio hizi zinafutwa kabisa.

Hata za leo nusura zisiwepo, maana chini ya magari manane haziruhusiwi. Omer akacheka, akatoa kigari chake cha zamani, akamvika mkewe Scholastique kofia ngumu.

"Zunguka polepole, Mama Zoé. Wewe ni wa kujaza hesabu tu."

Akazunguka. Alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo za kutunza wazee, macho mekundu kama pilipili. Akamaliza wa mwisho; Omer wa kwanza, kama kawaida.

Dakika ya tano. Absalom alimfuata Kalisti, aliyeshika nafasi ya pili.

"Kalisti, unangoja nini? Huna pesa?"

"Elfu tatu ninazo, mzee wangu. Kazi nyingine ndiyo sina."

"Na msimu ujao utaendesha wapi?"

"Nitakaa jukwaani, nile karanga kama wenzangu."

Dakika ya nane. Madereva wengine walikuwa wameinama wakifunga magari yao kwenye trela, migongo imemwelekea Absalom. Kufunga mkanda mmoja kulichukua muda mrefu ajabu.

Omer alikaa juu ya tairi, miguu kainyoosha. "Papa Absalom, saa yako imekufa? Funga kitabu, twende nyumbani! Hapa hakuna mwanaume." Akapiga makofi. "Mama Zoé! Leta maji!"

Hakuna aliyeleta maji.

Dakika ya tisa na nusu. Absalom hakuwa na hasira tena. Hasira nayo inataka nguvu. Akachomeka kalamu mfukoni, akaanza kufunga kitabu.

Mkono wenye glavu ukaingia katikati ya kurasa. Bahasha nene ya pesa ikatua.

"Nilimaliza wa mwisho, lakini nilimaliza," Scholastique alisema, bila kumtazama mumewe. "Andika jina yangu, Papa Absalom. Na ninyi wanaume, munasimamia nini? Mulete spana, mufungue ile injini sasa!"