Sahani ya Nne

Kwa mara ya tatu tangu theluji iyeyuke, Joleen Hruska aliachia chuma cha mazoezi chenye sahani nne za uzito kila upande, akashika kiuno na kukaa kitako sakafuni.

Chuma chenyewe kilikuwa hakijainuka hata upana wa kidole. Kocha wake, mzee Verlyn Kucera, alimkimbilia na magoti yake mabovu, akachuchumaa ubavuni kwake.

"Wapi?"

"Hapa, Kocha. Upande wa kulia."

Mwezi wa tano maumivu yalikuwa upande wa kushoto. Roho ikamsuta Verlyn vibaya. Sasa amemharibu mtoto wa watu pande zote mbili.

Gus, mchomeleaji aliyekuwa akifanya zoezi lake pembeni, akacheka. "Huyu ukimwonyesha sahani ya nne tu, anaumwa kama mwanafunzi siku ya mtihani."

Verlyn akamwambia afunge mdomo wake. Shindano la jimbo kule Lincoln lilikuwa wiki ijayo, na mwaka jana Joleen alilikosa kwa mgongo huo huo.

Sahani nne kubwa kila upande, pamoja na chuma chenyewe, ni paundi mia nne na tano. Zingemtosha kushinda Lincoln. Zingetosha pia kuvunja rekodi ya wanawake ya karakana yao ya mazoezi, mia nne kamili, iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio juu ya mlango, pamoja na jina la Arlys, mke wa Verlyn. Desturi ya pale ni kwamba anayevunja rekodi hupanda kiti akalifuta jina la zamani kwa mkono wake mwenyewe, wote wakimtazama. Arlys ndiye aliyeianzisha, na alifuta majina ya wenzake huku akiwatania mpaka wakanuna. Ni mwaka wa tatu sasa tangu saratani imchukue, na herufi bado nyeupe pe. Verlyn hajawahi kuzigusa. Akipita chini yake huinamisha kichwa.

Alikuwa amejaribu kila njia kuuokoa mgongo wa Joleen. Alimpunguzia uzito, akamwongezea siku za kupumzika, akamwinulia chuma juu ya magogo ili asiiname sana. Alimpiga picha za video akazitazama mpaka macho yakamuwasha, asione kosa. Daktari naye alisema mgongo ule ni wa farasi. Mambo yote yalikwenda vizuri hadi sahani ya nne.

"Siyo kosa lako, Kocha," Joleen alisema, akiinama kufungua kamba za viatu.

"Ni la nani basi? Anayepakia chuma ni mimi."

Joleen alivua viatu, akaaga na kuondoka akichechemea.

Usiku ule Verlyn hakupata hata lepe la usingizi. Alijiona mzee mchoyo, anayemkamua msichana kwa sababu nyumba yake ni tupu na hana kingine cha kujivunia. Kulipopambazuka alikuwa ameamua. Atampeleka kwa kocha mwingine kule Lincoln, amwombe radhi, na karakana aifunge kabla hajamlemaza mtu.

Akaenda mapema ili aanze kufungasha vitu. Gari la Joleen lilikuwa tayari nje, maana yeye ndiye hukaa na ufunguo wa Jumamosi. Verlyn alipangusa kioo cha dirisha kwa mkono wa koti, akachungulia.

Joleen alikuwa peke yake, amesimama mbele ya chuma. Sahani nne kila upande. Verlyn akainua ngumi agonge kioo amzuie, akachelewa.

Joleen akainama na kukinyanyua. Mgongo ulinyooka, mikono haikutetemeka. Alikishika pale juu, akakishusha polepole kisitoe mlio, akavuta pumzi na kukinyanyua tena. Kisha akazirudisha sahani zote ukutani.

Akasogeza kiti mlangoni, akapanda. Akatoa chaki mfukoni na kuanza kulikoleza jina la Arlys, herufi moja moja, kila palipokuwa pameanza kufifia.