Kweli Mbili na Uongo Mmoja

Mzee Semboja alimkuta mkewe amekaa juu ya ndoo nje ya nyumba yao wenyewe, mlango umemgomea.

"Baba Hoza, mlango unasema mimi ni marehemu," alisema Mama Hoza. "Umewaambia nini huko shuleni?"

Siku hizo, neno lililotamkwa kwa Kiingereza mbele ya mashahidi wakaliamini lilikuwa neno la serikali. Milango, maduka na zahanati vyote vililitii. Na huko kwenye darasa la watu wazima walikuwa wamecheza mchezo. Kila mmoja alitaja mambo matatu kwa Kiingereza, mawili ya kweli na moja la uongo, na wenzake wakapiga kura kuuchagua uongo. Semboja alisema kwamba yeye ni fundi cherehani, anafuga mbuzi, na mkewe amefariki. Wapumbavu wale wakapiga kura kwamba uongo ni mbuzi.

"Ulikosa uongo mwingine?"

"Huo ndio niliokuwa na maneno yake!" alifoka mzee. "Tena niliutamka vizuri kuliko wote!"

Mama Hoza alilala kwa jirani. Kesho yake Semboja alisimama mbele ya darasa, akasema kwa Kiingereza, polepole, bila kukosea, kwamba mkewe yu hai.

Wanafunzi wenzake walitazamana kwa huruma.

"Pole, mzee wetu," alisema mama aliyekaa dawati la mbele. "Kumsahau mtu si kazi ya siku moja."

Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha mikono kwamba huo ni uongo.