Kibakuli cha Liwali

Bi Rukaya alikuwa akipakua biriani ya hitima ya mwaka ya mumewe, Liwali, pale Bi Salha, mwandishi wa historia, alipomuuliza kama marehemu aliugua vidonda vya tumbo.

“Vidonda gani? Miaka thelathini amekula pilipili zangu, na vidole akaramba!”

Bi Salha akatoa kibakuli cha mti. “Kanipa mke mwenzio. Anasema marehemu kila akitoka kwako alipitia kwake kunywa uji mwepesi, huku akilia kwa maumivu.”

Wivu ukampanda Bi Rukaya. Uji angeusamehe. Lakini machozi! Yeye hakuonyeshwa hata tone.

Akakinyakua kibakuli, akakijaza biriani ya moto, akazidi kukijaza, mpaka ikamwagika ikamchoma vidole, wala asikiachie.