Seli za Taya

Seli za pafu zilizoletwa kwa jina la Tobias Omollo hazikuwa za pafu. Zilikuwa za taya.

Daktari Mukonyo alizitazama kwa hadubini siku tatu mfululizo, akamwonyesha mwenzake, kisha akampigia mgonjwa simu. Hakuwahi kumwona. Maabara yake pale katikati ya jiji ililetewa vipande vidogo vya nyama, si watu. Lakini kwenye faili, hospitali ya kwanza ilikuwa imeshaandika: saratani ya mapafu, imeenea. Kumwambia kwamba sivyo hakutaka kumwachia mtu mwingine.

Tobias alifika asubuhi kutoka Kangemi, shati limelowa jasho. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Umewahi kupasuliwa taya?"

"Ndiyo. Miaka tisa imepita. Ilikuwa uvimbe tu. Walisema si kansa."

"Hawakukosea. Uvimbe huo huanzia kwenye seli zinazojenga meno. Mara chache sana, baada ya miaka, huhamia mapafuni. Ukiona eksirei utadhani ni kansa ya mapafu."

"Na si hiyo?"

"Siyo. Huu hukua polepole. Kuna unaoweza kukatwa ukatoka. Watu wameishi nao miaka mingi, wanafanya kazi, wanalea watoto."

Mukonyo alingoja uso wake ukunjuke. Badala yake Tobias alijishika kichwa akalia kwa sauti, hadi karani akachungulia mlangoni.

"Bwana Omollo, hizi ni habari njema."

Daktari akavaa glavu, akazunguka meza. "Hebu fungua mdomo nione walipokata."

Meno yote yalikuwepo, hata ya mwisho kabisa. Akapapasa mfupa kutoka sikioni hadi kidevuni. Hakuna kovu, hakuna mbonyeo.

"Taya hili halijawahi kuguswa na kisu."

"Lililopasuliwa ni la ndugu yangu mdogo, Quincy," Tobias alisema. "Hana bima. Nilimpa kadi yangu, akatibiwa kwa jina langu."

"Basi mlete! Leo hii!"

"Daktari, walimwambia ni kansa, haina dawa. Jumapili alfajiri alitoka, akazima simu. Aliacha barua. Anasema anaenda kufia mahali watoto wake hawatamwona."